Mstari Usio na Mlima

Chakula kikichelewa, sisi wengine tulimuuliza mama wa mgahawa kwa nini. Fundi hakuuliza kwa nini. Aliinua kichwa na kusema kwa upole, "Mama, huo wali umepita wapi?" Na mama yule, mwenye majiko mawili na wateja wa benchi nne, alijikuta anaeleza: maji yamechotwa bombani kule chini, mkaa umelowa, sufuria kubwa bado imekaliwa na maharage. Fundi alisikiliza hadi mwisho. "Basi wali haujachelewa," akasema. "Yaliyochelewa ni maharage." Kesho yake maharage yalibandikwa alfajiri, na wali ukawahi.

"Fundi, wewe hata siku ya kufa utamuuliza malaika amepita njia gani," alimtania mwenzangu wa dirisha la pili pale ofisini, kijana wa Ujiji ambaye hakuweza kukaa dakika tano bila kumchokoza mtu.

"Nitamuuliza," Fundi alijibu. "Akichelewa."

Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kumsikia akimtaja baba yake. Alikuja Kigoma kwa kazi, kama walivyokuja wengi katika miaka ile ya wakimbizi, akiwa na begi moja na boksi la vitabu lililofungwa kwa kamba ya katani. Ofisi yetu ilikuwa ndani ya ghala la zamani upande wa Katubuka. Watu waliovuka kutoka Burundi walikuja pale kuulizia ndugu waliopotezana nao njiani. Mimi nilikaa dirisha la kwanza, kwa sababu mama yangu ni Muha, na Kiha kinafanana na Kirundi hata kikanijia bila kusomeshwa. Fundi alikaa chumba cha nyuma pamoja na seva, kwenye stuli, akitunza kanzidata iliyobeba majina yote tuliyoyaandika. Majina yetu wenyewe hakuyashika kamwe. Alikumbuka namba ya faili ya mtu aliyepita miezi sita nyuma, lakini mimi aliniita Dirisha la Kwanza hadi mwisho.

Alikuwa mtu wa haraka katika kila jambo la mwili. Alikula samaki wake wa mgebuka kama anayeogopa kunyang'anywa, na alitembea ameinama mbele kama anayepanda mlima hata pale palipo tambarare. Lakini mbele ya mashine alikuwa na subira ya mtu anayemwogesha mgonjwa. Sikumsikia hata mara moja akiitukana. Sisi tulipolalamika kwamba kompyuta ni mvivu, alikasirika kana kwamba tumemsengenya mwanawe. "Mashine haina uvivu," alisema. "Imetumwa vibaya."

Alipanga chumba Ujiji, hatua chache kutoka majini, na hakulipenda ziwa. Asubuhi alitoka akilipa mgongo. Mama mwenye nyumba, mwanamke wa pale pale Ujiji aliyezaliwa akisikia mawimbi, alimwona kama mtu aliyepungukiwa. "Mgeni wangu," alisema, "Mungu amekupa maji yote haya bure, na wewe unayanunia."

"Sipendi kitu nisichoweza kuona chini yake," Fundi alimjibu.

Tena alikuwa mtu wa kuhesabu. Tulipopanda gari kwenda kambini alituhesabu, na tuliposhuka alituhesabu tena, watu saba tunaofahamiana. Alihesabu vikombe kabla ya kuviosha na baada ya kuviosha. Kwenye majedwali ya kanzidata ilikuwa sheria yake ya kwanza, na alitulazimisha tuikariri kama watoto wa madrasa: hesabu kabla, hesabu baada. Ukigusa kitu chochote ndani ya mashine, ujue walikuwa wangapi kabla hujagusa, na uthibitishe wapo wangapi ulipomaliza. "Mtu akipotea barabarani kuna wa kupiga kelele," alisema. "Akipotea humu ndani, hakuna."

Nayaandika haya kwanza ili msomaji ajue kwamba alikuwa anajua.

*

Tulikuwa na orodha moja iliyotutesa. Tuliiita Orodha ya Kukutanisha, ingawa Fundi alituonya kwamba si orodha. Haikuwa imeandikwa mahali popote. Ilikuwa swali refu lililohifadhiwa kwa jina, na kila ulipolifungua lilikwenda upya kwenye majedwali matatu: watoto waliokutwa peke yao, watu wazima wanaotafuta watoto, na milima. Likaunganisha, likalinganisha, likarudi na majibu yaliyopangwa vizuri kana kwamba yalikuwepo tangu jana. Kwa lugha ya kazi yake aliuita mwonekano. "Unachokiona ni sura," alisema. "Kazi iko nyuma ya sura."

Milima inahitaji kuelezwa. Burundi mtu hutoka mlimani. Mlima ndio kijiji chake, ndio mtaa wake na anwani yake. Na majina kwao hayarithiwi kama kwetu. Baba, mama na mtoto wanaweza kuwa na majina matatu yasiyokaribiana hata kidogo, kwa hiyo huwezi kumtafuta mtoto kwa jina la baba yake. Mlima ndio uliokuwa uzi. Mtoto wa mlima fulani, mama wa mlima huo huo: hapo mwonekano uliwaweka kwenye mstari mmoja, na mimi nikapata cha kumwambia mtu aliyesimama dirishani.

Shida ni kwamba ulichukua dakika arobaini kufunguka. Siku nyingine saa nzima. Umeme wa mji wetu wakati ule ulitoka kwenye majenereta, na saa saba mchana mara nyingi ulikatwa. Ukikatwa kabla swali halijarudi, kila kitu kinaanza upya. Nimeona watu wakisimama juani tangu asubuhi, wakiangalia kioo cha kompyuta yangu kutoka upande wa nyuma, ambako hakuna cha kuona, hadi saa saba inapofika na feni inakufa.

Siku moja Fundi alituita sote ghalani akafunga mlango. Alikuwa ameandika kadi mia mbili kwa penseli. Mia moja zilikuwa za watoto, mia moja za wazazi. Alizimwaga sakafuni katika marundo mawili.

"Wakutanisheni," akasema.

Tulianza. Unaokota kadi ya mtoto, unasoma mlima, unakwenda rundo la wazazi, unazipitia zote moja moja, unarudi. Unaokota nyingine. Magoti yaliuma. Mwenzangu wa Ujiji alifika kadi ya sita akalala chali.

"Fundi, mimi nimejiandikisha kazi ya ofisi. Hii ni adhabu ya jeshi."

"Umepita wapi?"

"Nimepita pale na hapa, pale na hapa, mpaka nimechimba barabara."

"Umesoma kadi ngapi za wazazi?"

"Zote. Mara sita."

Fundi akachukua kadi za wazazi, akazipanga kwenye makopo ya maziwa, kila mlima kopo lake. "Endeleeni." Sasa ukiokota kadi ya mtoto unakwenda kwenye kopo moja tu. Tulimaliza kabla chai haijapoa.

"Mmeona?" akasema. "Ni ninyi wale wale. Hamkuwa wavivu. Mlitumwa vibaya." Makopo yale, alitueleza, mashine nayo inayo, na huitwa faharasa. Na mashine ukiiomba kwa adabu itakueleza mpango wake kabla ya safari: itaanza na jedwali lipi, wapi itapekua rundo zima, wapi itakwenda kwenye kopo, itabeba mizigo mingapi kutoka hatua hii hadi ile. Mpango huo aliuchora kwa mkono nyuma ya fomu zilizoharibika, visanduku na mishale, mshale mwembamba kwa mzigo mdogo na mnene kwa mzigo mkubwa. Aliusoma kutoka ndani kuja nje. "Soma kuanzia ndani," alisema. "Kwa nje kila mtu anapendeza."

Kwenye sakafu zilibaki kadi tisa za watoto. Hazikuwa na mlima.

"Na hawa?" nikauliza.

"Hawa hawana kopo," Fundi akasema. "Hawa inabidi wapitishwe mbele ya kila mzazi. Umri, mahali alipopotea, alama ya mwili. Mmoja mmoja." Akaziokota yeye mwenyewe, akazipangusa vumbi. Nakumbuka namna alivyozishika.

*

Mama aliyekuja Jumatano ile alikuwa amevaa kitenge cha njano kilichochanika pindoni, na alikaa kwenye kituo cha muda cha mjini, akikataa kila siku kupanda basi la kwenda kambini. Alikuwa amempoteza binti yake wa miaka mitatu kwenye ufukwe wa mpakani, siku mitumbwi ilipokuwa ikiwatoa watu mchangani kuwapeleka melini. Mtu alimpokea mtoto ili yeye apande, na mtumbwi ukasukumwa. Mtoto ana kovu la moto kwenye kiganja cha kulia. Alitaja mlima wake bila kusita, kama mtu anayetaja jina la mamaye.

Zamu yake ilipofika, nilifungua mwonekano saa sita kamili. Saa saba kasorobo ulikuwa bado unazunguka. Umeme ukakatwa.

"Rudi kesho, mama," nikamwambia kwa Kirundi.

"Egome," akasema. Ndiyo. Akakaa ukutani hadi jioni, kana kwamba kesho ingeweza kupita bila yeye kujua.

Siku hiyo hiyo Msimamizi wetu, mtumishi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, mtu mwema aliyechoka, aliingia chumba cha nyuma.

"Mzee wangu, kesho wageni wanakuja. Wanataka kuona mtu anahudumiwa. Siwezi kuwasimamisha dakika arobaini."

"Waambie waje na viti."

"Mzee. Wakiondoka hapa wakasema mfumo wetu haufanyi kazi, wataufunga. Ukifungwa, hata hizo dakika arobaini hatutakuwa nazo. Hawa watu watakwenda kwa nani?"

Nilimwona Fundi kupitia mlango uliofunguka nusu akichukua fomu iliyoharibika na penseli. Lazima niseme hili: ule mpango aliuchora vizuri. Aliongeza faharasa mbili asubuhi yake. Alibadilisha jedwali la kuanzia. Kutoka dakika arobaini akafika kumi na tano. Bado ulikuwepo mshale mmoja mnene, kule ndani kabisa. Ulikuwa mzigo wa watoto wasio na mlima, kila mmoja akipitishwa mbele ya kila mzazi, maelfu kwa maelfu ya milinganisho. Ilikuwa saa sita na nusu ya Alhamisi. Wageni walikuwa wameshashuka garini, na umeme ulikuwa na nusu saa ya kuishi.

Aliondoa mstari mmoja kwenye swali. Mstari huo ndio uliosema: hata asiye na mlima, mbebe. Alikusudia kuurudisha jioni. Alinieleza haya baadaye, na ninamwamini. Lakini jioni hakukuwa na umeme, na Ijumaa kila mtu alikuwa anampa mkono.

Mwonekano ulifunguka kwa sekunde nne.

Wageni walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mama wa kitenge cha njano alikuwa wa kwanza dirishani. Niliandika jina lake na mlima wake. Moja, mbili, tatu, nne. Mlima wake ulikuwa na watoto wawili, wote wavulana.

"Hayupo, mama."

Nyuma yangu mtu alisema neno la pongezi. Mama yule hakuondoka. Alinitazama, akatazama kompyuta.

"Jana ilitafuta muda mrefu," akasema. "Leo imetafuta kidogo."

"Imetengenezwa, mama."

"Ah." Akafikiri. "Murakoze." Akashukuru, akaondoka.

Alirudi Ijumaa. Alirudi Jumatatu. Mara zote mbili nilimjibu kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Na sitajificha nyuma ya Fundi: niliona kwamba orodha imekuwa fupi. Zamani ukishuka chini kabisa ulikuta wale wadogo, mlima wao uko wazi, na mimi niliwasoma kwa macho kila siku. Sasa hawakuwepo. Nilidhani wamekutanishwa. Nilifurahi, hata nikamwambia mama yangu nyumbani.

*

Wiki ya tatu Fundi alitoka chumba cha nyuma. Hakuwa na desturi hiyo saa za kazi. Alikuwa anaandaa taarifa ya mwezi, na idadi ya watoto kwenye jedwali haikulingana na idadi ya watoto kwenye mwonekano. Alisimama pembeni ya meza yangu na karatasi mkononi.

"Dirisha la Kwanza. Ni nani anaweza kukosa mlima?"

"Asiyejua kuutaja."

"Nani hajui kuutaja?"

"Mtoto mdogo, Fundi."

Alikuwa anajua kabla hajauliza. Alitaka mtu mwingine aseme. Akarudi ndani, akaurudisha ule mstari, akafungua mwonekano, na sote tukasimama nyuma yake kwa dakika kumi na tano bila mtu kutania. Wale wadogo walitokea chini, mmoja baada ya mwingine. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa msichana, miaka mitatu, ufukwe wa mpakani, kovu la moto kiganja cha kulia. Kando yake, mstari huo huo, yalikuwa maelezo ya mama wa kitenge cha njano.

Aliyemwandika mtoto yule ni mimi. Jina langu la kazi lilikuwa pale. Siku ile tulipokea watoto wengi kiasi kwamba sura zao ziliungana kuwa sura moja yenye kiu. Nilimuuliza kila mmoja, unatoka mlima gani? Wengi wa umri ule walijibu neno moja, Iwacu. Maana yake nyumbani kwetu. Kanuni ilisema usiandike usichokijua. Niliacha wazi.

Fundi alichukua kofia yake. Tulipanda hiace ya kwenda Mwandiga, tukashuka, tukapata lori la kambini. "Sikuhesabu," alisema. "Kabla nilihesabu. Baada sikuhesabu."

Mtoto tulimpata. Alikuwa amekabidhiwa kwa mlezi, mwanamke mwenye watoto wake wanne, na alikuwa akichezea kifuniko cha ndoo. Fundi alichuchumaa akamwomba mkono. Mtoto akampa wa kushoto. Akamwomba mwingine.

Mama hatukumpata. Jirani yake wa kituo cha mjini, aliyekuwa amehamishiwa kambini, alitueleza akiwa anapepeta maharage, bila kuinua macho. Jumatatu ile mama yule alirudi kutoka dirishani akakaa chini. Wenzake wakakaa naye msiba wa mtoto, siku chache tu, kwa jinsi ilivyowezekana. Kisha akasema hana cha kumkalisha ng'ambo hii. Akaandikisha jina lake, akapanda boti ya kurudi Burundi.

"Hamkumwambia asubiri?" Fundi akauliza.

"Tulimwambia. Alisema mashine imesema hayupo, mara tatu. Alisema mtu anaweza kukudanganya, lakini mashine ina sababu gani ya kumdanganya yeye."

Tuliulizia ng'ambo kupitia watu wanaofanya kazi hiyo. Jibu lilikuja baada ya miezi: mlimani kwake hakufika. Tukauliza tena. Jibu likawa lile lile, kwa maneno machache zaidi.

*

Watu walitarajia aache kazi. Hakuacha. Hakumlaumu Msimamizi, na mimi hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko lawama. Mwonekano aliuacha na dakika zake kumi na tano. Yakaja mashinikizo mengine, wakaja wageni wengine. "Wasubiri," alisema. "Mimi nilishaharakisha mara moja." Mwenzangu wa Ujiji, ambaye utani ulikuwa damu yake, alijaribu siku moja kumuuliza wali umepita wapi. Fundi alitabasamu kwa heshima, na hakuna aliyerudia.

Kilichobadilika ni ziwa. Mtu aliyekuwa akilipa mgongo alianza kushuka ufukweni kila Jumamosi boti zinapoingia. Alisimama mbali kidogo na wachuuzi wa dagaa, mikono nyuma. Mama mwenye nyumba alidhani hatimaye amepona. Mimi nilimpitia mara moja nikakuta midomo yake inacheza. Alikuwa anawahesabu wanaoshuka.

"Unamngoja yeye?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Nahesabu tu baada."

*

Mwaka jana alinipigia simu. Nilikuwa nimeshaacha kazi ile zamani na kuhamia mji mwingine. Alisema, bila salamu ndefu, "Dirisha la Kwanza, njoo. Wanafunga."

Nilimkuta kwenye ghala lile lile. Alikuwa ameshastaafu, wamemwita wiki moja kwa ajili ya makabidhiano. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alisoma kioo akiwa amekikaribia kama mtu anayenusa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kaa hapa, uwe macho yangu."

Kanzidata ilikuwa inahamishiwa kwa watu wengine, na kijana nadhifu aliyetumwa kuipokea alikuwa na maelekezo: mistari isiyokamilika isihamishwe. Mtoto asiye na mlima ni mstari usiokamilika. Wale waliobaki bila ndugu, ambao sasa walikuwa wakubwa, wangefutika, na bila mstari mtu hapati karatasi. Bila karatasi, kambi ikifungwa, huna cha kumwonyesha anayekuuliza wewe ni nani. Msichana wa kovu alikuwa na miaka kumi. Ijumaa angekuja na mlezi wake kuchukua karatasi yake.

"Tumwandikie mlima wa mama yake," nikasema. "Tunaujua."

"Hatuujui. Mama hakumwona akasema ni huyu. Sisi ndio tumesema." Akageuza uso kwangu. "Siku ile ulimwandikia nini?"

"Sikuandika kitu, Fundi. Niliacha wazi."

"Kanuni ilitaka hivyo. Nauliza mtoto alisema nini."

"Alisema Iwacu."

"Na wengine?"

"Iwacu. Karibu wote."

Nje mtu alikuwa anavuta kabati sakafuni.

"Kumbe walijibu," akasema. "Sisi ndio tuliokosa mahali pa kuliweka jibu. Fungua jedwali la milima."

Nikafungua.

"Ongeza mstari. Andika Iwacu."

Niliandika. Kisha, akinielekeza polepole, tukawachukua wote ambao mlima wao ulikuwa wazi na tukawaunganisha na mstari ule mpya. Kijana wa kupokea alikuja akainama juu ya bega langu.

"Samahani, Mzee. Huu mlima Iwacu, mbona siujui? Uko mkoa gani?"

"Waulize wenyewe," Fundi akasema. "Wapo hai."

Kijana akaandika kitu kwenye daftari lake, akarudi kwenye makabati.

"Sasa toa ule mstari nilioutoa siku ile," Fundi akaniambia. "Hauhitajiki tena. Sasa wana kopo."

Niliutoa. Nikafungua mwonekano.

"Umechukua muda gani?"

"Sekunde nne."

Hakuniangalia. Alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, ingawa haikuwa ikimsaidia sana.

Mama wa kitenge cha njano alikuwa juu, kwenye mlima wake, mstari wake peke yake. Binti yake alikuwa chini kabisa, Iwacu, pamoja na wenzake. Kati yao, waliokuwa zamani kwenye mstari mmoja, kulikuwa na kurasa nyingi. Nilimweleza hivyo, kwa sababu alitaka kujua.

"Hesabu," akasema.

Nilihesabu kwa sauti, kidole kikiwa kwenye kioo. Nililinganisha na idadi aliyokuwa ameiandika asubuhi kwa kalamu kwenye kiganja chake.

"Wametimia, Fundi."

"Hesabu tena."

Nikaanza upya, nikianza na yule mwenye kovu.